Kinyozi Aliyetafuna Barafu

Mtaani kwetu hakuna anayemwita kwa jina lake la kuzaliwa. Ni Goli Refu, basi. Siku za kazi ni kinyozi. Duka lake liko kwenye kona, lina kiti kimoja cha kuzunguka, kioo chenye ufa pembeni, na benchi la kusubiri ambalo wengi wetu tunalikalia hata kama nywele hazijaota. Mwisho wa wiki anafunga mapema, anavaa kofia yake na kwenda uwanja wa manispaa. Huko anapanda kijukwaa cha mbao, anashika kipaza sauti na kututangazia mpira.

Hakuna redio inayomrusha. Ni spika mbili tu zilizofungwa kwenye nguzo. Lakini wapo watu wasiojua hata timu gani zinacheza, wanakuja kumsikiliza yeye. Goli likiingia anavuta pumzi, halafu ile "Gooooli!" yake inaanza wachezaji wakiwa wanakumbatiana, inaendelea wakirudi kwenye nusu yao, na inakwisha mpira umeshawekwa katikati. Jina alilipata hapo.

Dukani ni yale yale. Anakunyoa huku anatangaza: "Mashine inapanda wingi ya kushoto, inakaribia sikio, hatari, hatari! Anaikosa chunusi kidogo tu!" Wewe umekaa umefungwa shuka shingoni, mbavu huna kwa kicheko, na yeye anakufokea eti usitikisike.

Mkewe tunamwita Mama Barafu. Ana friza kubwa sebuleni, na anauza barafu na sharubati kwa mtaa mzima. Ni mama wa maneno machache. Ila yakitoka, yanakwenda moja kwa moja langoni.

Sasa, mwaka aliotimiza miaka sabini na mmoja, kwenye nusu fainali ya Kombe la Mitaa, timu ya Gereji ilifunga goli tamu la kichwa. Tukamsikia Goli Refu akivuta pumzi. "Goo—"

Kimya.

Tulidhani umeme umekatika. Watu wakageuka kuzitazama spika. Mama Barafu hakuzitazama. Aliacha ndoo yake ya sharubati wazi na kukimbilia kijukwaani, na sisi nyuma yake. Tukamkuta mzee ameketi chini, kipaza sauti kimelala mapajani, jasho linamtoka, mdomo uko wazi kama mtu aliyesahau alichotaka kusema.

Hospitali walimpima wakampiga picha ya moyo. Wakatueleza kwamba moyo una milango, na mmoja, ule ambao damu yote hupitia ikienda mwilini, kwake ulikuwa umekakamaa na kubakiza upenyo mwembamba. Mlango huo wanauita vali. Dawa ya kuulainisha hakuna. Unabadilishwa.

Akafanyiwa upasuaji, akapona kidonda, akarudi nyumbani na kovu refu katikati ya kifua na vali mpya iliyotengenezwa kwa tishu ya ng'ombe. Unaweza kufikiria benchi lilivyosema. Fundi viatu alimletea fungu la majani mabichi, akaliweka juu ya meza ya vitana kwa heshima zote. Goli Refu akacheka mpaka akakishika kifua chake. Tukajua mzee wetu amerudi.

Kumbe alikuwa amerudi nusu.

Maumivu ya kifua yalikwisha kweli, na kuishiwa nguvu ghafla kama siku ile uwanjani hakukumpata tena. Lakini nguvu hazikuja. Miezi ilipita. Alikuwa akinyoa upande mmoja wa kichwa, anavuta kigoda na kukaa, na mteja anabaki nusu amenyolewa, nusu msitu. Utangazaji wa dukani ukapungua, mwishowe ukabaki mlio wa mashine peke yake. Kile kilima kidogo kati ya nyumba yake na duka alikuwa anakipanda kwa vituo, anajifanya anasalimia watu ili apate sababu ya kusimama. Alisalimia hadi milango iliyofungwa.

"Umri, baba," binti yake alimwambia. "Umefanyiwa kazi kubwa. Pumzika."

Naye akakubali shingo upande. Alituambia, "Gari limebadilishwa kifaa kimoja tu. Bodi ni lile lile la zamani."

Uwanjani nafasi yake ilishikwa na shemeji yake, mdogo wake Mama Barafu, mwalimu wa jiografia. Mtu mwema sana, na mpira anaupenda. Lakini kutangaza! "Mpira unaelekea kaskazini mashariki," anasema, taratibu, kama anatuandikisha. "Mchezaji yuko takriban mita kumi kutoka mstari wa mwisho. Sasa amefunga. Ni goli. Upepo ni wa wastani." Watu walikuwa wanapiga miayo magoli yakiingia. Goli Refu alikaa pembeni kwenye kiti cha plastiki, kofia imeshuka usoni, na usingesema kama anasikia au amelala.

Wakati huo huo nyumbani kwake kulikuwa na mwizi.

Mama Barafu aligandisha trei zake jioni, na asubuhi alizikuta zina mapengo. Alimshuku jirani. Akawashuku wajukuu, akawapanga mstari na kuwakagua meno. Akafunga friza kwa kufuli, na barafu ikaendelea kupungua, jambo lililomtia wazimu kwa sababu ufunguo ulikuwa kwenye kibati cha majani ya chai jikoni, na waliojua hilo ni yeye na mumewe, na mumewe ni mzee mgonjwa ambaye hata sharubati yenyewe huinywa bila ubaridi kwa kuogopa kikohozi.

Siku ya kliniki ya moyo ikafika. Mama Barafu akamsindikiza, na mimi nikaenda nao kwa kuwa ndimi niliyekuwa na gari. Tulimkuta daktari mpya, binti mdogo mdogo mwenye miwani.

"Shikamoo mzee. Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari."

Akamlaza kitandani, akapitisha kile kipimo cha picha kifuani, akaangalia muda mrefu. Kisha akageuza kioo ili na sisi tuone. Kitu kilikuwa kinafunguka na kujifunga, kinafunguka na kujifunga, safi kabisa.

"Vali yako inafanya kazi vizuri mno," alisema. "Sasa nataka kujua kwa nini wewe hufanyi kazi vizuri kama yenyewe."

"Uzee, daktari."

"Uzee upo. Ila mimi huwa sianzii hapo." Akavuta kiti. Akamuuliza kuhusu usingizi, chakula, choo, miguu kuvimba, dawa anazomeza. Halafu akauliza swali lililotushangaza. "Kuna kitu unatamani sana kukitafuna? Udongo, chaki, mchele mbichi? Barafu?"

Goli Refu akaangalia dari.

Mama Barafu akageuza shingo, polepole. "Baba watoto," alisema, "hebu nitazame."

"Dari lao limepakwa rangi nzuri," mzee akajibu.

"Ni wewe!"

"Mama watoto, hapa ni hospitali—"

"Ni wewe! Nimemgombeza jirani! Nimekagua meno ya watoto wa watu! Kumbe mwizi ninalala naye kitanda kimoja!"

Mimi nilishindwa, nikatoka nje kwenda kucheka ukutani. Niliporudi nilimkuta daktari naye ameshika meza, machozi yanamtoka chini ya miwani. Mzee alikuwa anajitetea kwa sauti ya chini: hajui imemwanzaje, ila meno yanaitaka ile barafu, akiikosa anahangaika, akiisikia inavunjika mdomoni roho inatulia.

"Mzee wangu, umenisaidia kuliko unavyofikiri," daktari alisema alipojikusanya. "Tutapima damu, na tutapima akiba ya madini ya chuma mwilini. Watu wenye upungufu wa chuma wakati mwingine hutamani vitu kama hivyo."

Majibu yalipotoka alituita tena. Wingi wa damu ulikuwa umeshuka kidogo tu, kiasi ambacho mtu angeweza kukipuuza. Lakini akiba ya chuma, alisema, ghala lenyewe, lilikuwa karibu tupu. Alieleza bila haraka. Chuma ndicho kinachoisaidia damu kubeba hewa, lakini misuli nayo inakihitaji, na moyo wenyewe ni msuli. Wazee wengi wenye ugonjwa wa vali wana upungufu huu, na hata baada ya vali kubadilishwa unaweza kubaki pale pale umejificha, kila mtu anasema ni umri.

"Si nilimwona akimeza vidonge vya chuma baada ya upasuaji?" Mama Barafu aliuliza.

Mzee akalitazama dari tena.

"Nilimeza," alisema. "Vikanifunga choo mpaka nikaona nyota mchana. Nikaviacha."

"Ungetuambia," daktari alisema, wala hakukasirika. "Vinawasumbua wengi. Na mwili ukiwa na maradhi ya muda mrefu, tumbo lenyewe linagoma kukipokea chuma. Kwako nitatumia dripu, kiingie moja kwa moja kwenye mshipa. Ila kwanza lazima nijue chuma kilikwenda wapi. Upasuaji ulikutoa damu, sawa. Lakini unatumia dawa ya kuzuia damu isigande, na watu wenye vali kama yako ya zamani wakati mwingine huvuja damu kidogo kidogo tumboni bila kujua. Siwezi kujaza ndoo iliyotoboka."

Basi wakapima choo, wakamwingiza kamera tumboni juu na chini. Hiyo kamera ya chini sitaisimulia, maana alituapisha. Hawakukuta kinachovuja.

Siku ya dripu ilikuwa sherehe. Chumba kilikuwa na viti vinne vikubwa vya kuegemea, dirisha linalotazama maegesho ya magari, na sista mnene mwenye sauti ya mkuu wa kwaya. Alipoitundika ile chupa mzee akashtuka. Dawa yenyewe ni nyeusi nyeusi, kama chai ya rangi iliyosahaulika jikoni.

"Sista, hii si oili ya gereji?"

"Ni chuma, mzee. Ukisikia unawashwa, kifua kinabana, au kizunguzungu, niambie hapo hapo. Usijikaze kiume."

"Wanamwongezea damu?" Mama Barafu alinong'ona.

"Hapana mama. Tunamletea vifaa, damu atatengeneza mwenyewe."

Sista akamchoma sindano, akafungua, tone la kwanza likadondoka. Na hapo, kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, nikaisikia ile sauti. Ilikuwa ndogo, imechoka, lakini yenyewe.

"Tone la kwanza linashuka... linaingia kwenye mpira... linapita kati, hakuna wa kulizuia... beki wa kiwiko anaachwa amekaa chini..."

Chumba kizima kikageuka. Mama mmoja aliyekuwa kiti cha pili, naye kabadilishiwa vali, akaanza kucheka akashika kifua. "Na langu tangaza! Langu liko wapi?"

"Lako mama linacheza ugenini, linajihami!"

"Mzee, presha!" sista alipiga kelele huku naye anacheka.

Tulirudi nyumbani tukiwa na furaha ya harusi. Kesho yake asubuhi mzee aliamka, akavaa viatu, akaenda kukipanda kilima kwa kasi ya kijana. Akaishia katikati, hoi, ameshika ukuta wa nyumba ya watu.

Nilimkuta pale. "Wamenidanganya," alisema.

Mama Barafu, aliyekuwa nyuma yetu na kikapu, hakumwonea huruma. "Daktari alisema wiki, wewe ukasikia usiku mmoja. Hiyo dawa si sukari ya chai. Kaa hapo upumzike, halafu turudi." Na daktari kweli alikuwa amesema. Alisema pia kwamba wengine wanapata nafuu kubwa, wengine ndogo, na kwamba hawezi kuahidi. Hakuna aliyetaka kukumbuka hilo.

Akaenda dripu ya pili. Benchi likaendelea na utani wake: kila akikaa kwenye kigoda mtu anamgusisha mkasi mkononi aone kama umenasa kwa sumaku.

Halafu asubuhi moja Mama Barafu alikuja dukani mbio mbio, kanga imefungwa upande, ana trei mkononi, nasi tukadhani nyumba inaungua. Akaiweka trei juu ya meza ya vitana.

"Tazameni!"

Tukatazama. Ilikuwa trei ya barafu.

"Imejaa!" alisema. "Zote zimejaa! Jana zimejaa, juzi zimejaa. Hajagusa hata kipande!"

Goli Refu alisimama na mashine mkononi, macho yamemtoka. Hakuwa amejua. Hamu ilikuwa imemtoka bila kuaga. Akaichukua trei, akaitazama, akaipindua, akaitazama tena. "Sina haja nayo," alisema taratibu, na kisha kwa sauti, "Jamani, sina haja nayo!" Tulishangilia kama vile amefunga penalti.

Baada ya hapo kila siku ilikuja na habari yake. Alinyoa kichwa kizima amesimama. Akanyoa viwili mfululizo. Siku nyingine fundi viatu alikuja mbio kutuambia amemwona akipanda kilima huku anabishana na mtu, na anayeishiwa pumzi ni yule mwingine. Mimi sikuamini, nikaenda mwenyewe. Nilimkuta juu kabisa, kofia nyuma ya kichwa, ananisubiri.

"Mbona unapumua hivyo?" aliniuliza. "Kapimwe chuma."

Vipimo vilipotoka daktari alitabasamu kabla hajavisoma kwa sauti. Ghala lilikuwa limejaa vya kutosha. Mzee hakutaka kusikia namba. Alitaka kuuliza swali moja tu. "Daktari, naruhusiwa kupiga kelele?"

"Za nini?"

Mama Barafu akamjibu badala yake. "Za goli, binti yangu. Hajalala wiki nzima kwa ajili ya swali hilo."

Daktari aliweka kalamu chini. Akamwambia apige, lakini akae kwenye kiti, maji yawe karibu, na akisikia kichwa chepesi aache mara moja, hata kama ni fainali.

"Ndiyo fainali yenyewe," mzee alisema.

Maana Kombe la Mitaa lilikuwa limezunguka tena. Safari hii Gereji na Sokoni, mahasimu wa kufa kupona. Katibu wa mashindano aliogopa kumwachia mzee mechi nzima, kwa hiyo wakakubaliana: shemeji kipindi cha kwanza, Goli Refu cha pili.

Siku hiyo uwanja ulifurika hadi juu ya ukuta. Shemeji alitangaza kipindi chake kwa uangalifu mkubwa, akatupa hata hali ya hewa, na kwa bahati hakukuwa na goli. Wakati wa mapumziko Goli Refu alipanda kijukwaa. Aliketi kwenye kiti, akagonga kipaza sauti kwa kidole, tap tap, na kelele za uwanja mzima zikashuka kama vile mtu amezima bomba.

"Habari za siku nyingi," alisema.

Nani alimsikia tena? Tulilipuka!

Akaanza. Mwanzoni kwa tahadhari, anaijaribu sauti kama mtu anayejaribu maji kwa kidole cha mguu. Lakini mpira ulipata moto naye akapata moto. Beki wa Sokoni akapigwa chenga, "anaulizia njia ya nyumbani!" Kipa wa Gereji akaruka, "anaudaka kama mkwe anavyodaka posa!" Mama Barafu alikuwa chini ya kijukwaa na chupa ya maji, hatazami uwanja, anamtazama yeye mdomoni.

Dakika za mwisho Gereji wakapiga kona. Patashika, nguo kuchanika, miguu juu, mpira ukatoka katikati ya kundi na kutingisha nyavu. Goli Refu alisimama. Kiti kikaanguka nyuma. Akafumba macho, akavuta pumzi.

"Goooooooo..."

Ilikuwa yenyewe. Ilipita juu ya ukuta, juu ya mabati ya sokoni, watu waliokuwa majumbani walitoka nje. Mimi nililia, nasema kweli. Fundi viatu alinirukia mgongoni. Mama Barafu alimwaga maji yote kichwani mwake mwenyewe.

Na kwa kuwa alikuwa amefumba macho, hakuona kwamba kibendera cha pembeni kiko juu, wala kwamba refa amenyoosha mkono. Gereji walikuwa wanamzonga refa. Sokoni walikuwa wanashangilia. Shemeji akamvuta shati. "Shemeji! Shemeji! Wamelikataa! Ameotea!"

Yeye akaendelea. Akaipeleka mpaka mwisho wake, akaishusha taratibu, "...oooli," akafungua macho, akaona mambo yalivyo. Uwanja mzima ulikuwa unamtazama, wachezaji kwa refa.

Akasogeza kipaza sauti.

"Goli limekataliwa," alisema. "Pumzi imekubaliwa!"

Nimehudhuria mechi nyingi maishani, sijawahi kuona mashabiki wa pande mbili wakikumbatiana kwa ajili ya goli la kuotea. Mechi iliamuliwa kwa penalti, Sokoni wakachukua kombe, na hizo penalti walizitangaza wote wawili kwa kupokezana: shemeji anaeleza upepo unatoka upande gani, Goli Refu anaeleza mpigaji anavyotetemeka magoti. Watu walipenda mtindo huo kuliko kitu chochote.

Mpaka leo anarudi kliniki kwa vipimo. Mwaka uliofuata akiba yake ilishuka tena, daktari akaiona mapema, wakamtundikia chupa nyingine kabla hajaanza kuchoka. Na dukani sasa kuna wazee wanaokuja kumuuliza kuhusu uchovu wao. Mmoja alitaka aelekezwe ile dawa nyeusi inauzwa wapi ainywe nyumbani. Goli Refu alizima mashine. "Mimi ni kinyozi," alimwambia. "Uchovu una mama na baba wengi. Nenda hospitali wakutafutie wa kwako, chuma kisichohitajika nacho ni sumu." Akampeleka mwenyewe hadi kituo cha afya, na njia nzima akamtangazia.

Wiki hii kuna heka heka. Uwanja wa mji wa jirani umewaalika, yeye na shemeji, wakatangaze mechi ya ufunguzi. Basi linaondoka Jumamosi asubuhi. Nimetoka dukani sasa hivi na kichwa changu kimenyolewa upande mmoja, maana shemeji aliingia akiwa na ramani ya uwanja huo, wakaanza kubishana nani achukue kipindi cha pili, na mpaka naondoka hakuna aliyekuwa tayari kumwachia mwenzake.